Pac-Man hakati kona, Ryu anachelewa: ni gemu au ni vifaa?

Swali: *Nina PS4 ya mtumba na TV bapa ya inchi 43. Nimenunua Pac-Man, Galaga, Final Fight na ule mkusanyo wa Street Fighter wa miaka 30, kwa sababu ndizo gemu nilizocheza kwenye mashine za sarafu Mombasa miaka ya tisini. Lakini sizioni kama nilivyozijua. Pac-Man anagoma kukata kona. Ryu wa Street Fighter anarusha hadouken, ule mpira wake wa moto, akijisikia. Wachezaji wamenenepa kwenye skrini. Halafu sarafu haziishi, kwa hiyo Street Fighter na Final Fight nazimaliza jioni moja na hamu ya kurudia sina. Je, gemu zimechakachuliwa au mimi nimezeeka?*

Jibu: Ndugu yangu, gemu hazijachakachuliwa, na umri usiusingizie. Mikusanyo ya aina hii haiandiki gemu upya. Ndani yake imo programu ileile iliyokuwa kwenye chipu za mashine, ikiendeshwa na emuleta, yaani programu inayojifanya bodi ya zamani. Pac-Man ya 1980 ilitumia prosesa ya Z80 yenye mwendo wa megahezi 3.072, PS4 inaiiga bila kutoka jasho. Kilichobadilika ni vile vilivyokuwa nje ya bodi: jostiki, skrini, muda unaopita kati ya kubonyeza na kuona, na mwenye mashine aliyekuwa akisubiri sarafu yako. Anza na TV, uende kwenye picha, kisha pedi, na sarafu ziwe za mwisho. Wengi hukimbilia kununua pedi mpya; fedha inakwenda na Pac-Man bado anagonga ukuta.

TV ndiyo mchelewaji mkubwa

TV ya chogo ilichora mstari papo hapo ishara ilipofika. TV bapa huipokea picha, huikuza, huisafisha, huongeza makali ya rangi, na nyingine hubuni fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) za katikati ili mpira wa miguu uonekane unateleza vizuri. Kazi hiyo yote inakula muda. Fremu moja ya gemu ni takriban milisekunde 16.7. Zipo TV ambazo zikiachwa kwenye hali ya kawaida ya kutazamia huchelewesha picha kwa zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu sita.

Ipige hesabu hiyo kwa Pac-Man. Katika hatua ya kwanza hutembea takriban pikseli 60 kwa sekunde, na njia zake zimegawanywa katika vigae vya pikseli 8. Milisekunde 100 ni pikseli 6. Unapomwona amefika kwenye kona, ndani ya gemu ameshaipita kwa karibu kigae kizima. Kumbe hagomi, ni wewe unayemwagiza akiwa ameshapita njia.

Shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali iliyoandikwa "Game" uiwashe. Kwenye TV nyingi mpangilio huu hukaa kwenye tundu moja la HDMI tu: ukiiwasha kwenye HDMI 1 halafu siku nyingine ukachomeka PS4 kwenye HDMI 2, ucheleweshaji unarudi na hujui umetoka wapi. Kama TV yako haina hali ya gemu, jaribu kulibadilisha jina la tundu liwe "PC", kwani kwenye baadhi ya TV jina hilo huzima sehemu kubwa ya usafishaji. Kisha zima ulainishaji wa mwendo. Samsung huuita Auto Motion Plus, LG huuita TruMotion, Sony huuita Motionflow. Hali ya gemu mara nyingi huuzima yenyewe, lakini hakikisha kwa macho yako.

Usisahau sauti. Spika au sabufa ya Bluetooth huchelewesha mlio kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio likisikia ngumi imechelewa, ubongo huamini na mkono umechelewa. Tumia spika za TV unapojaribu, au waya.

Kujua kama umefanikiwa, tumia simu inayorekodi video ya mwendo wa pole ya picha 240 kwa sekunde. Iweke ionyeshe kidole chako na TV kwa pamoja, bonyeza ngumi ya Ryu, kisha hesabu picha kuanzia kitufe kinapozama hadi mkono wa Ryu unapotikisika. Kila picha ni milisekunde 4.2 hivi, kwa hiyo picha 24 ni milisekunde 100. Rudia mara kumi uchukue wastani, kwa sababu matokeo hupanda na kushuka kulingana na kidole kilibonyeza mwanzoni au mwishoni mwa fremu. Pima kabla na baada ya kubadilisha mipangilio. Namba hiyo imejumlisha pedi, PS4, gemu na TV, kwa hiyo haiwezi kufika sifuri. Unachotafuta ni kushuka kwake. Isiposhuka hata kidogo, kuna usafishaji ambao bado hujauzima.

Pedi nayo ina mchango mdogo. DualShock 4, yaani pedi ya PS4, iliyoanza kuuzwa 2016, yenye namba CUH-ZCT2 na mstari wa taa unaoonekana juu ya kibao cha kugusa, inaweza kutuma amri kupitia waya. Nenda Settings, Devices, Controllers, Communication Method, uchague Use USB Cable. Ile ya kwanza, CUH-ZCT1, ukichomeka waya inachaji tu, amri zinaendelea kupita hewani. Waya nao uwe wa kupitisha data. Nyaya nyingi za simu za bei poa ni za kuchaji tu.

Kwa nini wachezaji wamenenepa

Kunenepa huku kuna sababu mbili, na ya pili wengi hawaijui.

Ya kwanza ni kutanua. Skrini za mashine zilikuwa za uwiano wa 4:3, TV yako ni 16:9. Ukichagua picha ijaze skrini nzima, kila kitu kinavutwa pembeni kwa theluthi moja. Rudi kwenye menyu ya mkusanyo, kwenye mipangilio ya picha, uchague saizi ya asili. Halafu kagua TV yenyewe, kwa sababu nyingine hukata kingo za picha na kuikuza kidogo. Mpangilio wa kuzuia hilo huitwa Just Scan kwenye LG, na kwenye Samsung utaukuta kama Screen Fit au Fit to Screen. Alama za Pac-Man zikikatwa vichwa juu ya skrini, tatizo ndilo hilo.

Ya pili inawanasa hasa wanaopenda usahihi. Baadhi ya mikusanyo ina chaguo la kuonyesha pikseli kama zilivyo, kila moja ikiwa mraba kamili. Linasikika kama ndilo chaguo halali. Kwa Street Fighter II si halali. Bodi yake ya CPS-1 hutoa picha ya pikseli 384 kwa 224, na hizo 384 zilibanwa ziingie kwenye skrini ya 4:3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa nyembamba kuliko kimo chake. Wachoraji wa Capcom, kampuni iliyoitengeneza, walichora wakilijua hilo. Ukizifanya za mraba, picha inakuwa na uwiano wa 12 kwa 7, karibu sawa na 16:9, na mwanadada Chun-Li anakuwa na mabega ya Zangief, yule mwanamieleka. Kwa gemu zote za Capcom za kizazi hicho, Final Fight ikiwemo, chagua 4:3.

Pac-Man na Galaga zina habari nyingine. Skrini yao ilisimamishwa wima, pikseli 224 kwa upana na 288 kwa kimo, kwa hiyo kwenye TV lazima ubaki na nafasi tupu pande zote mbili. Usihuzunike na usiitanue. TV ya inchi 43 ina kimo cha takriban sentimita 53. Mashine ya Pac-Man ilikuwa na skrini ya inchi 19, na hata ikiwa imesimamishwa kimo chake hakizidi sentimita 39. Picha yako tayari ni kubwa kuliko ya asili.

Kama TV yako ni ya mistari 1080, mistari 288 haigawanyiki humo sawasawa: inakuja mara 3.75, kwa hiyo safu nyingine za pikseli zinakuwa na unene wa mistari minne na nyingine mitatu. Ukiona ukuta wa Pac-Man mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, ni hiyo. Mkusanyo ukikupa nafasi ya kukuza kwa namba kamili, chagua mara 3: picha inakuwa na mistari 864, sentimita 43 hivi kwenye TV yako, na kila pikseli inalingana na mwenzake. Vichujio vya kuiga mistari ya TV ya chogo viwashe baada ya hapo tu. Ukiviwasha juu ya picha isiyogawanyika sawasawa, skrini inajaa mabaka na mawimbi, na watu hukilaumu kichujio bure.

Kona za Pac-Man

Ukishaiharakisha TV, utagundua nusu ya kona zimekubali. Zilizobaki ni za pedi na za mkono.

Jostiki ya Pac-Man ilikuwa ya pande nne tu. Haikuwezekana kabisa kusukuma juu na kulia kwa wakati mmoja. Pedi yako ina pande nane, na ukitumia kijiti cha analogi, kidole gumba kinapita kwenye pembe za katikati kila mara. Programu ya 1980 haikuandikwa kupokea amri mbili pamoja, kwa hiyo unaposukuma juu huku kulia hakujaachiliwa, Pac-Man anaweza kuendelea kulia kana kwamba hakusikia. Achana na kijiti, tumia vitufe vya mishale, na inua kidole kabisa kutoka upande mmoja kabla ya kubonyeza mwingine. Mkusanyo ukiwa na chaguo la pande nne kwenye mipangilio ya pedi, liwashe.

Kisha jifunze kubonyeza mapema. Pac-Man anaruhusiwa kuanza kukata kona pikseli chache kabla ya kufika katikati ya njia panda, na akifanya hivyo anapita kimshazari na kuokoa muda. Mizimu hairuhusiwi: yenyewe hufika katikati ndipo igeuke. Kwa hiyo kila kona unayoibonyeza mapema na kushikilia inakuongezea hatua mbele ya anayekufukuza. Anayebonyeza akishaiona kona anapoteza faida hii yote, na ndiyo maana gemu inaonekana kali kuliko ilivyokuwa.

Punje nazo zina bei yake. Kila punje ndogo unayokula humsimamisha Pac-Man kwa fremu moja, na punje kubwa kwa fremu tatu. Huoni kwa macho, lakini mzimu mwekundu aliye nyuma yako anaikusanya tofauti hiyo. Ukikimbizwa, kimbilia njia iliyokwisha kuliwa.

Kuna jaribio zuri la kuthibitisha kwamba hujauziwa nakala iliyoandikwa upya. Katika Pac-Man ya asili mizimu haiendi kwa bahati nasibu. Kila mmoja ana kanuni yake; Pinky, ule mzimu wa waridi, kwa mfano, hulenga vigae vinne mbele ya uso wako. Hata ikigeuka buluu na kutangatanga, namba zinazoamua mwelekeo huanza upya zilezile kila hatua na kila maisha mapya. Katika hatua ya kwanza hutawanyika kwa sekunde 7, hukimbiza kwa 20, hutawanyika tena 7, hukimbiza 20, kisha 5 na 20, kisha 5, na baada ya hapo hukimbiza moja kwa moja. Maana yake, ukipita njia ileile kwa wakati uleule, mizimu itafanya vilevile. Hapo ndipo wazee wa mashine walipopata njia za kukariri. Chukua njia moja ya hatua ya kwanza, irudie bila kusita popote. Ikifanya kazi, unayo programu ya asili. Ukikosea kona moja kwa fremu chache mpangilio wote unavurugika, kwa hiyo usiihukumu gemu kabla ya kuipita njia hiyo kwa usafi.

Galaga haina shida hizi, kwa kuwa unakwenda kushoto na kulia tu. Jambo moja tu: chombo kimoja kinaruhusiwa risasi mbili kwenye skrini kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mfululizo na hakuna kinachotoka, pedi haijaharibika. Risasi zako mbili bado ziko angani. Karibia shabaha, zitarudi haraka.

Hadouken isiyotoka

Kwanza panga vitufe kama vilivyokuwa kwenye mashine: ngumi tatu juu, mateke matatu chini, kuanzia jepesi hadi zito. Kwenye pedi ya PS4 mpangilio unaofanana zaidi ni Mraba, Pembetatu na R1 kwa ngumi. X, Duara na R2 kwa mateke. Safu mbili zilezile, na vidole vya zamani vitakumbuka.

Amri yenyewe ni chini, pembe ya chini-mbele, mbele, kisha ngumi. Vitufe vya mishale vya DualShock 4 vimetenganishwa vinne, na anayebonyeza chini halafu mbele kama vitu viwili huiruka ile pembe. Laza kidole gumba katikati, ukibingirishe, kisiinuke. Ngumi ije wakati kidole kinafika mbele, isitangulie.

Kama umefanya hivyo na bado, shuku pedi. Ni ya mtumba na vitufe vyake vina mipira yenye kaboni inayogusa filamu nyembamba ndani. Shikilia pembe ya chini-mbele kwa sekunde kumi ukiwa ndani ya pambano. Ryu anatakiwa kubaki amechuchumaa muda wote. Akiinuka au kutembea mbele hata mara moja, mguso wa chini unakatika. Rudia kwa chini-nyuma. Usafi unatosha mara nyingi: skrubu nne za nyuma, chomoa betri, toa mipira, futa mipira na filamu kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke. Funika L2 na R2 kwa kiganja unapofungua, springi zake ndogo hupenda kuruka na kupotea.

Pedi bandia za DualShock ni nyingi madukani, na nyingi vitufe vyake vya mishale hubonyeza viwili kwa kimoja. Hiyo haisafishiki.

Ukiamua kununua jostiki kamili, ihakikishe kwamba ni ya PS4 rasmi. Bodi zisizo na kibali hukatika kila baada ya dakika 8, katikati ya pambano. Jostiki za PS3 hazitumiki na gemu nyingi za PS4 bila adapta. Tafuta yenye kijiti cha Sanwa JLF, kwa sababu chini yake kuna bamba la GT-Y linalogeuzwa kwa nyuzi 45: upande mmoja pande nane kwa Street Fighter, upande mwingine pande nne kwa Pac-Man. Kwa mtu anayezipenda gemu zote mbili kama wewe, hicho ndicho kifaa pekee ninachokiona kinastahili fedha zako.

Sasa kuna jambo la kumbukumbu. Mkusanyo wako una Street Fighter II ya 1991, kisha Champion Edition, kisha Hyper Fighting ya mwishoni mwa 1992 ambayo ina mwendo wa kasi zaidi. Kama ile ya 1991 unaiona ya polepole, huenda uliyoicheza ilikuwa Hyper Fighting, ifungue ujaribu. Lakini kama unakumbuka Ryu akirusha hadouken akiwa hewani, mioto ikimfuata adui na kupinda njiani, na wachezaji wakibadilika katikati ya pambano kwa kubonyeza Start, basi uliyoicheza ilikuwa bodi ya maharamia, Champion Edition iliyochezewa programu yake. Bodi hizo zilienea dunia nzima. Hakuna mkusanyo rasmi wenye gemu hiyo, kwa hiyo usiitafute kwenye menyu.

Sarafu zisizoisha

Hapa ndipo umepoteza utamu, na ndipo tiba ni rahisi kuliko zote.

Pac-Man na Galaga hazina kuendelea. Maisha yakiisha, unaanza hatua ya kwanza. Ndiyo maana hukusema umezichoka. Final Fight ya 1989 iliundwa kwa namna nyingine: ukifa unatia sarafu na safari inaendelea. Kwa sarafu zisizoisha hakuna adui anayeweza kukuzuia, kwa hiyo hakuna unachojifunza. Umetembea kutoka Slums hadi Uptown, hatua sita, bila kulazimika kujua lolote kuhusu Sodom, bosi wa hatua ya pili.

Jiwekee sarafu moja, bila kuendelea kabisa. Ukifa mwisho, zima. Utafia hatua ya pili, pengine ya kwanza, na hapo gemu inaanza kuonyesha ilivyotengenezwa. Ukinasa mahali, tumia zana ambazo mashine haikuwa nazo: hifadhi gemu mlangoni kwa Sodom, rudia pambano hilo tu hadi upate mbinu ya kumpiga bila kupoteza zaidi ya nusu ya uhai, kisha funga kumbukumbu hiyo na uanze upya kwa sarafu yako moja. Kuhifadhi ni kwa mazoezi. Ukikutumia ndani ya mchezo halisi kunarudisha ugonjwa uleule. Pia kumbuka kwamba pigo la kubonyeza ngumi na kuruka kwa pamoja hukula uhai wako likimpata adui. Kwa sarafu zisizoisha hulijali, kwa sarafu moja utaanza kulihesabu.

Street Fighter II nayo, hesabu sarafu badala ya kuhesabu ushindi. Kuna wapinzani 11 katika toleo la 1991: wenzako saba na wakubwa wanne. Andika ulitumia sarafu ngapi kuwamaliza, na wiki ijayo ipunguze. Ugumu usiupandishe wala kuushusha njiani. Mashine ilikuwa na viwango vinane vilivyowekwa na mwenye mashine kwa swichi ndogo ndani, na yako Mombasa ilikuwa kwenye kimojawapo. Chagua cha kati ukae nacho.

Kabla hujanunua mwingine

Soma maelezo, si jina. Namco Museum ya Nintendo Switch ya 2017 ina gemu za mashine, Pac-Man na Galaga zikiwemo, na konsoli yake inaweza kusimamishwa wima ikajaza skrini kama zamani. Namco Museum Archives za 2020 zina jina karibu lilelile lakini ndani ni matoleo ya Famicom, yaani ya konsoli ya nyumbani, yenye picha na mwendo tofauti. Pac-Man Museum+ ya 2022 haina Ms. Pac-Man, kwa hiyo kama ndiye unayemtafuta usiinunue kwa ajili yake. Gemu za mpira wa kuzungusha au kirungu cha kuzungusha, kama Centipede, Missile Command, Tempest na Arkanoid, zinacheza vibaya kwa pedi hata emuleta iwe nzuri kiasi gani.

Mortal Kombat ya 1992 iliendesha skrini yake kwa fremu 54.7 kwa sekunde na R-Type ya 1987 kwa 55, ilhali TV yako ni 60. Emuleta ina njia mbili: kurudia fremu tano hivi kila sekunde, nawe unaona mandhari ikishtuka inapokwenda, au kuharakisha gemu kwa takriban asilimia 9 au 10. PS4 haina njia ya tatu. Na ukishawishika kuchukua mikusanyo ya PS2 kwa bei ya chini, diski za PAL, yaani mfumo wa TV unaotumika kwetu, huenda kwa fremu 50 badala ya 60, gemu inakuwa nzito kwa asilimia 17, isipokuwa pale diski inapokupa chaguo la 60Hz mwanzoni. Ukiliona, lichague.

Kwa kununua gemu moja moja, mfululizo wa Arcade Archives wa kampuni ya Hamster, unaotoka kwenye PS4 tangu 2014, ndio ninaouamini zaidi. Una modi ya Hi Score inayofunga mipangilio yote na kukunyima kuhifadhi, na modi ya Caravan yenye dakika tano tu za kutafuta alama, zote zikilinganishwa na wachezaji wengine mtandaoni. Mwenye mashine yumo humo tayari, huhitaji kujizuia mwenyewe.